Hatukuwa Wageni wa Mtu

Siku tuliyomzika Grace, Injinia Swaleh alipewa nafasi ya kusema kwa niaba ya waliofanya kazi Uarabuni. Ilikuwa Nakuru, uani kwao, chini ya turubai, mvua imenyesha asubuhi na miguu ya viti vya plastiki inazama kwenye matope. Akasimama na koti lake zuri, akakohoa, akasema marehemu alikuwa mwanachama mpendwa wa klabu yetu ya Msafara kule Riyadh, kwamba alitembea majangwani chini ya uangalizi wetu, na kwamba klabu ilimtunza kama dada mgeni. Watu wakaguna kwa kukubali. Mimi nilikuwa safu ya tatu, nimepakata mkebe wa kashata nilizopika Tanga na kusafiri nazo kwa basi, na nilisikia masikio yakipata moto. Chini ya uangalizi! Grace wangu mimi, chini ya uangalizi wa Swaleh! Nilimtazama binti yake, Wambui, naye akanitazama. Nikanyoosha mkono kuomba kusema. Msimamizi wa ratiba akaniashiria nisubiri, kuna watu wa kanisa kwanza, na nikiwa nasubiri ndipo mwaka ule wote ulinirudia.

Wenzangu wakisimulia ujana wao huanza na shule na nywele za kusuka. Ujana wangu mimi ulianza nimeshaota mvi, na sioni haya kusema hivyo. Ulianza mwaka ule wanawake waliporuhusiwa kushika usukani Saudia. Nilikuwa nesi wa wagonjwa wa figo katika hospitali moja ya Riyadh, Grace akiwa maabara ya hospitali hiyohiyo, na tulipangiwa flati moja ya wafanyakazi. Chumba changu kilitazama ukuta, chake kilitazama tangi la maji, na kila mmoja aliamini mwenzake amependelewa. Jikoni ndimo tulimoishi. Yeye alisonga ugali mpaka kuta zikatoka jasho. Mimi nilipika wali kwa nazi ya kopo na kulalamika kuwa siyo nazi. Githeri yake niliiita kande iliyosahau nazi. Yeye alisema, "Zuhura, wewe siku moja utaota mnazi kichwani, aki." Tuligombana kwa sauti za chini, kwa sababu kuta za flati zile zilikuwa nyembamba, na mpaka leo nikimkumbuka humkumbuka akinong'ona kwa hasira, na mwiko mkononi.

Ruhusa ilipotoka, Grace alifungua sanduku lake akatoa leseni ya Kenya aliyokuwa ameitunza chini ya vitenge miaka yote ile, akaenda kuifanyia utaratibu, akarudi na ya Saudia. Kisha akanunua gari kuukuu la jipu, mimi nikaingia darasani kujifunza kutoka mwanzo pamoja na wasichana waliokuwa na umri wa wajukuu wa dada yangu. Safari yetu ya kwanza barabara kuu, gari la vijana lilitukalia ubavuni, simu zimetolewa madirishani wanatupiga picha. Nilitaka kujifunika uso. Grace akasema, "Wacha wapige. Leo nimevaa poa." Akaongeza mwendo kidogo tu, akawaacha wakihangaika na lori lililokuwa mbele yao.

Lakini jangwa tulilipata kwa kosa la masikio yangu. Wodini kwetu kulikuwa na karani wa Kisaudi, Abeer, mchangamfu, aliyependa kutualika vitu. Siku moja akaniambia kwa Kiarabu chake cha haraka, Ijumaa kashta, njoo na rafiki yako. Nikasikia kashata. Nilifurahi mno! Nilidhani amekula za mtu wa pwani mahali fulani, sasa anataka zangu. Nikamjibu, "Mafi mushkila," hakuna shida, nikarudi nyumbani kifua mbele nikamtangazia Grace kwamba kashata imefika Uarabuni. Tukapika za nazi na za karanga, iliki tele, tukazikata vipande vya mshazari, tukafunika sinia kwa karatasi ya alumini, tukafuata ramani ya simu. Lami ikaisha. Nyumba zikaisha. Grace akauliza, "Huyu mtu anakula kashata wapi kwani?" Tukakuta mazulia yametandazwa mchangani, kuni zinawaka, birika la kahawa, mama yake Abeer amekaa juu ya mto kama yuko sebuleni. Kumbe kashta ni huko kwenyewe, kutoka mjini na kwenda kukaa jangwani. Abeer alipoona sinia na kuelezwa, alicheka akajishika mbavu. Mama yake hakucheka. Alikula kipande cha kwanza, akala cha pili, akatia cha tatu kwenye mkoba wake.

Jioni ile ilinipata. Nisifiche, nilitokwa na machozi, na Grace akajifanya anashughulika na moto. Kazini nilikuwa sista huku na sista kule, kila kengele ni yangu. Nyumbani Tanga kila simu ina shida ndani yake. Pale mchangani hakuna aliyeniita. Nilisikia upepo tu na mafuta ya kondoo yakidondokea makaa, nikajiambia, Zuhura, hiki unakitaka na utakipata. Haikupita muda mwalimu mmoja mgeni aliyekuwa akirudi kwao akawa anauza karavani yake, tukaichukua kwa ushirika, nusu yake nusu yangu. Ilikuwa nyumba ndogo ya magurudumu, rangi ya maziwa, ina jiko la mafiga mawili, mapazia ya maua ya machungwa, na mlango uliokubali kufungwa baada tu ya kupigwa nyonga. Mwalimu yule alitufundisha jambo moja akiwa tayari anawaza ndege yake: ukirudisha nyuma, shika usukani kwa chini, mkono uende upande unaotaka mkia uende. Tuliitikia ndiyo ndiyo, mawazo yetu yote yako kwenye mapazia.

Sasa karavani haiwekwi mfukoni. Walinzi wa makazi ya hospitali waliiona langoni wakasema mafi, halas, yaani hapana, basi, iondoke. Na gari moja peke yake mchangani, Abeer alituonya, ni kujitafutia msiba. Likizama nani atalivuta? Tulihitaji klabu. Za watu wetu wa Afrika Mashariki zilikuwepo mbili na zilikuwa hazisalimiani. Zamani ilikuwa moja, Msafara, yenye watu wa Riyadh na wa Jeddah, mpaka safari ya kwanza baada ya ruhusa ile. Bi Mwanakheri, fundi cherehani wa Unguja aliyeishi Jeddah, alifika na gari lake mwenyewe ajipange mbele. Injinia Swaleh, mwenyekiti, akasema magari ya akina mama yatakaa nyuma kabisa, kwa usalama wao. Bi Mwanakheri aligeuza gari akarudi kwake, na sufuria la pilau ya safari nzima likiwa kwenye buti. Msafara ulilala na biskuti. Tangu hapo yeye akaanzisha yake, akaiita Kambi, na kila upande ukaweka sharti kuwa wa huku haruhusiwi kuwa wa kule.

Msafara walitualika kwanza, kwenye istiraha waliyokodi nje ya mji, nyumba ya kupumzikia yenye bwawa na uwanja mpana wa kuegesha. Wanaume upande wao, sisi wetu, na katikati jiko lenye kidirisha cha kupitishia sahani. Biriani ilikuwa nzuri, sina chuki nayo. Grace alikuta wanawake wa kwao, akakaa nao karibu na birika, Kikuyu kikamtoka kwa kasi ambayo sikuwahi kuisikia, akacheka kicheko kipya. Nilimwonea wivu na furaha kwa pamoja. Kisha nikaenda kuongeza kachumbari, na kidirishani nikasikia sauti ya Swaleh. "Karavani ataivuta dereva wetu Hamisi. Wao tutawaandika wageni wangu. Mgeni wa Swaleh wa kwanza, mgeni wa Swaleh wa pili." Mwingine akauliza, "Na yule mwenye jipu?" "Atapanda na familia. Mwanamke na trela wapi na wapi, bwana?" Mkewe Swaleh, Mama Nadia, alikuwa kando yangu na amesikia nilichosikia. Akanishika mkono kwa upole kabisa. "Usikasirike, mwaya. Hata mimi nimeandikwa mke wa fulani. Raha yake huijui. Wakaa nyuma, wala korosho, ukifika washuka."

Baadaye Swaleh alisimama mlangoni, akakohoa kwa adabu, akatueleza yaleyale kwa maneno ya kupendeza: mwanamke asiye na mume nchini humu anaingia kwa dhamana ya mwanachama. Nikamwambia, "Injinia, mimi nina kafili, mdhamini wangu wa kazini, na yeye walau ananilipa mshahara. Kafili wa pili wa nini?" Mmoja akachekea ndani ya shela yake. Swaleh akatabasamu, akasema tukafikirie, nafasi ya kuegesha ipo.

Garini Grace hakunisifu kama nilivyotarajia. Aliendesha mpaka taa nyekundu, akasema, "Umeongea vizuri sana. Sasa mimi Krismasi nitaila wapi?" Nikauliza Krismasi imeingiaje. "Wale watu hukutana, Zuhura. Nyumbani kwa mmoja wao, pole pole, wanapika, wanaongea lugha yangu. Mimi Krismasi hizi zote nimekula tambi nikitazama tangi la maji. Wewe ukitaka watu wako, nchi nzima inaswali na wewe. Mimi niko na hawa tu. Wakiniandika mgeni, waniandike. Nimechoka kuwa wa kwanza kila mahali, bana." Nusu ya karavani ilikuwa yake, na upweke wote ulikuwa wake. Tukakubaliana twende Jeddah tukaone Kambi kwa macho, kisha aamue yeye. Akichagua Msafara nitakaa nyuma nile korosho na sitanuna. Niliahidi huku nimeng'ata meno.

Tulivuta karavani siku nzima, tukibadilishana usukani, chai ya chupa na mayai ya kuchemsha njiani. Tulipokaribia Makka barabara inagawanyika, na bango linaelekeza Waislamu njia yao na wengine wazunguke. Nilikuwa mimi kwenye usukani. Grace akasema bila kunitazama, "Wewe ungepita huko. Tungekuwa Msafara, ungepita, mimi ningewekwa gari lingine." Nikawasha kiashiria cha njia ya kuzunguka. "Na nusu ya karavani ningemwachia nani?" nikamwuliza. Akanimenyea yai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Bi Mwanakheri aliishi Ghulail, juu ya kibanda chake cha kushonea, uchochoro wenye maduka ya simu, vitambaa na kuku wa kuchoma, Wahausa, Wasomali, Wasudani, kila mlango na lugha yake. Alitupokea kwa samaki wa kupaka na mkate wa boflo, akatuketisha chini pamoja na dereva mmoja Mkenya na wadada wawili wa kazi za nyumbani waliokuwa kwenye mapumziko yao ya wiki. Alikuwa mfupi, mkali, sindano zimechomekwa kifuani pa gauni. Nikamwuliza masharti. "Kwetu hakuna mgeni, mwanangu," akasema. "Wewe uwe mwanachama au uwe mpita njia. Mwenye gari alivute mwenyewe, alitie mwenyewe uwani, kwa kurudi nyuma. Ukishindwa leo, utakuja tena. Lakini hatiliwi mtu. Mie sitaki kumwona mwanamke kasimama kando na mkoba, chombo chake kinatiwa na mwingine."

Tukatazamana mimi na Grace. Kurudi nyuma hatukuwahi. Kila mara tuliingia kwa mbele, tukafungua mnyororo, tukasukuma kwa mikono. Ua wenyewe ulikuwa nyuma ya maduka, na lango lake lilijengwa kwa ajili ya mikokoteni. Nikaanza mimi, kwa sababu mimi ndiye mwenye mdomo. Nilizungusha usukani kama ninavyorudisha gari, na karavani ikaenda kinyume, ikajikunja ikataka kubusu duka la vitambaa. Uchochoro wote ukatoka nje. Kulia! Kushoto! Yalla! Vunja! Nyoosha! Mmoja anapiga bodi kwa kofi, mwingine anaita kwa filimbi, na wote wanaonyesha pande tofauti. Nilishuka nikamwachia Grace usukani.

Grace akapanda. Jaribio la kwanza akafanya kama mimi. La pili likawa baya zaidi, na tairi la karavani likapanda ukingo. Hapo mwanamume mmoja, mtu mzuri tu, nina hakika alikuwa na nia njema, akafungua mlango wa jipu akanyoosha kiganja. Hati muftah, akasema, lete ufunguo. Akarudia kwa upole, kama anayezungumza na mgonjwa. Nilimwona Grace akitazama kile kiganja. Alikuwa amechoka, amelowa jasho, na alikuwa ameniambia mwenyewe kuwa amechoka kuwa wa kwanza. Nilijua moyoni atautoa, na sikuwa na haki ya kumlaumu.

"Mafi," Grace akasema. Akavuta mlango ukafungika. Kisha akapandisha kioo. Akapandisha na cha upande wa pili, na vya nyuma, kimoja baada ya kingine, jua lile la Jeddah, kiyoyozi cha jipu kimekufa. Kelele zikabaki nje na sisi. Nikaona mkono wake ukishuka taratibu mpaka chini ya usukani, nikakumbuka yule mwalimu, na nikajua naye amekumbuka. Akasogea mbele, akanyoosha. Akarudi kidogo, mkono ukaenda upande mmoja nao mkia ukaufuata. Akasimama. Akarudi tena. Watu walipiga kelele mpaka wakagundua hawasikiki, wakanyamaza mmoja mmoja. Karavani ikapita langoni ikiwa imebakiza upana wa kiganja kila upande. Juu dirishani Bi Mwanakheri akapiga vigelegele, wale wadada wa kazi wakampokea.

Grace alitoka amelowa kama aliyetoka bombani. Nikamkimbilia. Akanisukuma kando, akaenda mpaka kwenye mlango wa karavani, akaupiga nyonga ukafungika, akasema, "Zuhura, hiyo ya wageni mwambie Swaleh abaki nayo." Na hivyo ndivyo tulivyochagua.

Tulilipa kwa hilo. Karavani ilibaki Ghulail, nasi Riyadh, na kila tulipotaka usiku mmoja wa jangwani tulisafiri kutwa. Mama Nadia aliacha kunipigia simu, na dukani tulipokutana alisalimia begi langu. Krismasi ilipofika, nyumba za Msafara hazikumwita Grace. Nililiogopa jambo hilo kuliko yeye. Bi Mwanakheri akatuita nyuma ya milima, akapika pilau katika lile sufuria mashuhuri, na jioni Grace akaingia ndani ya karavani, akafunga mapazia ya machungwa, akaimba nyimbo za kwao peke yake, sauti zote za kwaya, ya kwanza mpaka ya mwisho. Sisi tulikaa nje tukichochea moto. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, na akauliza nani amemaliza kachumbari. Haikuwa Krismasi aliyoitaka. Aliniambia hivyo waziwazi. Ila aliniambia pia kwamba karavani aliivuta mwenyewe mpaka pale, na kauli hiyo hakuifuta kamwe.

Haya yote nilitaka kuyasema Nakuru, na nikapewa muda wa kusalimia tu. Nilisimama na mkebe wangu. Nikasema, "Jina langu Zuhura, natoka Tanga. Namshukuru Injinia kwa maneno yake mazuri, lakini Grace hakuwa mwanachama wa Msafara hata siku moja. Walitaka kumwandika mgeni, akakataa. Alikuwa wa Kambi, ya Ghulail, Jeddah, na gari lake alilitia mwenyewe. Hakuwahi kuwa chini ya uangalizi wa mtu. Nimemaliza." Swaleh akainamisha kichwa akaitazama kofia yake mikononi. Watu wa kanisa wakanong'ona kwamba si mahali pake. Kama si pale, ni wapi? Mtu akifa ndipo kila mmoja anapojigawia kipande chake, na mimi nilikuwepo kwenye lile lango la Ghulail. Wambui akasema "Amina" peke yake, kwa sauti kubwa.

Kaburi lilikuwa chini shambani, na kwa ajili ya matope gari la maiti ilibidi lirudi nyuma kupitia geti la ng'ombe. Dereva akaanza, magurudumu yakateleza. Mara wanaume wakatoka chini ya turubai, Swaleh akiwa mbele, mikono yote hewani. Kulia! Kushoto! Hapana, kulia! Nyoosha! Mmoja akapiga bodi kwa kofi. Nilicheka. Nilicheka mpaka mama mmoja akanikumbatia akidhani nalia, na huenda alikuwa sahihi pia. Kisha nikampa Wambui mkebe, nikashuka kwenye matope na viatu vyangu vya safari, nikapita katikati yao wote mpaka dirishani kwa dereva.

"Baba," nikamwambia, "funga kioo."

Akanitazama, akakifunga, na Grace akaingia vizuri.